Ufagio Ulisema Hayupo

Oiva alijua injini kwa masikio. Ungemweka kwenye gati lake asubuhi ya ukungu mzito, haoni hata ncha ya pua yake, angekwambia: anayepita ni tarishi wa posta, yule ni Sulo, plagi yake moja ina kikohozi, ile ya mbali ni ya mchungaji, inakwenda kama mtu anayenyatia chumba chenye mtoto aliyelala. Kwenye ziwa letu hilo si jambo la ajabu. Visiwa ni vingi, watu ni wachache, na maneno ni adimu kuliko watu, kwa hiyo injini ndizo zinazopiga soga.

Injini moja tu ilimshinda kuisoma: yake mwenyewe. Ilikuwa mashine ya kufunga nyuma ya boti, silinda mbili, rangi yake ya kijani imebaki ubavuni tu. Aliirithi kwa baba yake pamoja na nyavu, kisiwa na tabia ya kunyamaza. Kisiwa kiliitwa Lepikko, na wakazi wake wote, ukiwahesabu kwa uangalifu, walikuwa Oiva. Miaka ile simu zilikuwa bado zimepigiliwa ukutani, na waya haukuona sababu ya kuvuka maji yote yale kwa ajili ya sikio moja.

Jumamosi moja mwishoni mwa Oktoba, majani yameshadondoka na ziwa limeanza kuwa na rangi ya bati, Oiva alivuka kwenda bandarini kununua chumvi. Chumvi alikuwa nayo ya kutosha kukausha nyangumi. Lakini mtu lazima awe na sababu ya kwenda bandarini, na bandarini kulikuwa na mkahawa, na mkahawani alikuwepo Hilkka.

Hilkka alikuwa mjane wa makamo, mikono yake ina unga hata siku za mapumziko, na ulimi wake ungekata uzi wa nailoni. Alimmiminia Oiva kahawa, akasimama hapohapo na birika mkononi, akivuta hewa puani.

"We Oiva, unanuka petroli."

"Ni mashine."

"Najua ni mashine. Sijasema ni marashi."

Sulo, yule mvuvi mwenye plagi inayokohoa, alikuwa amekaa dirishani na kofia yake ya manyoya. Akachekea ndani ya kikombe. "Mwache, mama. Akiacha kunuka petroli samaki watamsahau sura."

"Samaki wana bahati, wanaishi majini," Hilkka akasema. Kisha akaanza kufuta meza ambayo haikuwa na uchafu wowote. "Kesho nafunga mkahawa. Basi la saa nane, naenda Kuopio kwa dada yangu. Anataka nibaki huko moja kwa moja. Ana chumba, na sokoni wanatafuta mtu wa kuoka."

Oiva alikoroga kahawa yake. Hakuwa ametia sukari.

"Na wewe umemjibu nini?" aliuliza Sulo, kwa sababu ilibidi mtu aulize na Oiva hakuonekana kuwa ndiye.

"Nimemwambia jibu atalipata nikifika. Kama kuna mtu hapa ana la kuniambia kabla ya hapo, mlango uko wazi mpaka basi lije." Aliliambia dirisha, ila dirisha lenyewe lilikuwa nyuma ya kichwa cha Oiva. "Na mtu huyo aje bila harufu ya petroli, japo siku moja katika maisha yake."

Sulo akampiga Oiva teke chini ya meza. Teke lilikuwa la kirafiki lakini buti lilikuwa la mvuvi. Oiva akafungua mdomo.

"Kahawa nzuri," akasema.

"Ni ileile ya jana," Hilkka akajibu, akaingia jikoni.

*

Jioni ile Oiva aliwasha sauna, akaoga kama mtu anayejiandaa kuzikwa au kuoa. Akiwa juu ya benchi, mvuke ukimchoma masikio, akaanza kuitafuta sentensi. Alianza na ndefu, yenye miaka ndani yake, na vikombe vyote vya kahawa, na ile siku Hilkka alipomshonea kifungo cha koti bila kumwomba alivue. Ikamshinda pumzi. Akaipunguza. Akaendelea kuipunguza, kama mtu anavyochonga kijiti mpaka kibaki kile kinachohitajika. Mwishowe ikabaki hivi: "Usiende. Au nenda, halafu urudi."

Akayaambia mawe ya sauna. Mawe yakapiga mluzi wa mvuke. Akaona si haba.

Suti yake, ya mazishi ya mama yake, aliitundika kwenye kibaraza cha ndani ipate hewa. Tatizo ni kwamba kwenye kibaraza hichohicho ndipo lilipolala tangi la petroli. Marehemu baba yake alikuwa na sheria: usiku wa baridi ya kugandisha, tangi lilale ndani, lisije likaota maji tumboni. Suti na petroli chumba kimoja, usiku kucha! Oiva akalisogeza tangi pembeni. Harufu ikabaki. Akainama, akashika kile kiskrubu kidogo kilicho juu ya kifuniko, akakikaza mpaka vidole vikauma.

Kiskrubu kile ndicho pua ya tangi. Kikilegezwa, hewa inaingia na petroli inatoka kwenda kwenye injini. Kikikazwa, tangi halinuki, lakini halipumui pia. Oiva alikijua kile kiskrubu kama anavyojua vifungo vya shati lake, na pengine ndiyo sababu hakukitazama. Mkono ulifanya kazi yake, kichwa kilikuwa kinarudia sentensi. Usiende. Au nenda, halafu urudi. Akalala.

Sisi tumeuona ule mkono. Tunyamaze tu, hata tungempigia kelele, asingesikia.

*

Jumapili asubuhi alivaa suti, akachana nywele zilizobaki, akatoka, akaurudisha mlango. Kisha akauegemeza ufagio wa vijiti mlangoni, kwa nje.

Huku kwetu hakuna kufuli, kuna ufagio. Ufagio ukiegemea mlango, mwenyewe hayupo: geuza boti, rudi ulikotoka. Hakuna anayeingia na hakuna anayebisha. Kubisha mlango wenye ufagio ni utovu wa adabu, kama kumchungulia mtu akiwa sauna, na ni upumbavu pia, kwa sababu unazungumza na ubao.

Oiva akateremka gatini na tangi lake lisilonuka. Akaunga mpira wa mafuta kwenye injini, akaibinya ile pampu ya mpira iliyo katikati yake, akavuta choki ya kuwashia injini baridi, akashika kamba.

Akavuta. Injini ikasema *kho*.

Akavuta tena. *Kho, kho-kho-kho,* ikashika kidogo, ikatoa moshi wa buluu uliompendeza Oiva kuliko maua, ikazima.

"Haya, umeamka," akaiambia. "Sasa inuka."

Haikuinuka. Akavuta mpaka bega likaanza kumuuliza maswali. Akalegeza choki, akavuta. Akairudisha choki, akavuta. Mvua iliyochanganyika na theluji ikaanza kumwagika kwa mshazari, ile inayoingia kwenye kola kana kwamba imealikwa. Suti ya mazishi ikaanza kulia. Kwa hiyo Oiva akaisukuma boti na fimbo mpaka ndani ya banda la boti, akafunga milango yake ya mbao kuzuia upepo, akakaa gizani yeye na mashine.

Gati likabaki tupu. Kumbuka hilo.

Kwanza akapanda nyumbani kuchukua spana ya plagi. Alipofika mlangoni akauondoa ufagio, akaingia, akatoka na spana, na akausimamisha ufagio palepale ulipokuwa. Angeweza kuuacha chini. Alilifikiria jambo hilo, na akaona kwamba kuuacha chini ni kukiri kuwa haendi popote.

"Leo si siku yake, mama," aliiambia injini akiifungua kifuniko. Injini ilikuwa mama siku za ukaidi. Siku njema haikuitwa chochote. "Kesho zima utakavyo. Zima mpaka majira ya kuchipua. Leo nina safari."

Akaifungua plagi ya juu, akaitazama karibu na ufa wa mlango. Kavu. Akaifungua ya chini. Kavu kama biskuti ya shayiri. Akaigusisha plagi kwenye chuma, akavuta kamba: cheche ya buluu ikaruka, safi kabisa, na ikamrukia na yeye mkononi. Akatukana taratibu, kwa kuwa ilikuwa Jumapili.

Baba yake alikuwa na sheria ya hilo pia. Plagi mbichi, mafuta yamezidi. Plagi kavu, mafuta hayafiki. Basi hayafiki. Kwa nini? Akauchomoa mpira, akaupuliza. Njia nyeupe, isipokuwa sasa mdomo wake ulikuwa na ladha ile ile aliyoambiwa asiende nayo. Akakifungua kichujio, akakifuta kwa leso nyeupe aliyoikunja vizuri mfukoni kwa ajili ya shughuli nyingine kabisa. Safi. Akaibinya pampu ya mpira. Ilibonyea na kukataa kurudi, kama shavu la bibi asiye na meno.

"Na wewe umezeeka," akaiambia.

Ndivyo alivyokuwa: kila kitu alikuwa na neno nacho. Plagi, pampu, leso. Aliongea na vile vyuma asubuhi ile zaidi kuliko alivyowahi kuongea na Hilkka mwaka mzima, na hakuna hata kimoja kilichokuwa kinapanda basi.

Makasia yalikuwepo, msidhani alisahau. Lakini upepo ulikuwa wa kaskazini, na kupiga kasia ziwa lile dhidi ya kaskazini ni kazi ya kutwa. Dereva wa basi la Kuopio hakuwa mtu wa kungoja hata mkewe.

Akafikia uamuzi ambao ungefikiwa na mtu yeyote mwenye akili na haraka: petroli ina maji. Maji yameganda kwenye mpira, vipande vya barafu vimeziba njia. Dawa ni petroli mpya. Na petroli mpya ilikuwepo, debe zima la kulishia msumeno wa injini, kwenye kibanda cha kuni, ncha ya pili ya kisiwa.

*

Njia ilipita katikati ya misonobari. Oiva alitembea haraka, viatu vyake vya mazishi vikinywa maji. Alilipata debe, akalitikisa, likamjibu vizuri. Ndiyo kwanza alikuwa amegeuka aanze safari ya kurudi aliposikia boti.

Akasimama, akainamisha kichwa. Silinda mbili, plagi moja inakohoa. Sulo.

Sulo alikuwa anakuja moja kwa moja Lepikko. Oiva akajitazama: suti imelowa, mikono myeusi mpaka kwenye vifundo, leso ya bwana harusi imegeuka kitambaa cha gereji. Akasikia masikioni mwake kila neno ambalo Sulo angelisema, leo, na kesho, na kila Jumamosi mpaka mmoja wao afe. *Bwana harusi umekwama wapi? Mke ameshapanda basi, wewe bado unabembeleza mashine.* Sulo angemvuta kwa kamba mpaka bandarini, hilo ni kweli. Angemfikisha mbele ya dirisha la mkahawa akiburutwa nyuma kama gogo, kofia ya manyoya mbele inapunga mkono.

Oiva akajibanza nyuma ya kibanda cha kuni. Alikuwa peke yake kwenye kisiwa chake mwenyewe, na alikuwa amejificha.

Injini ikapunguza mwendo, ikazimwa gatini. Kimya. Theluji ya maji ikachapa juu ya bati la kibanda. Akangoja Sulo aone gati tupu, aone ufagio, aelewe, aondoke. Sulo alichukua muda mrefu kuelewa. Mwishowe kamba ikavutwa, injini ikakataa. Ikavutwa tena, ikakataa. Tena, na tena, kwa mvuto mfupi mfupi, kama wa mtu asiyeizoea.

"Na yako pia imekususa leo," Oiva akanong'ona, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Ikashika. Kikohozi kikaenda kikififia juu ya maji.

Alirudi kwa njia ya ufukweni hadi bandani, hakupita nyumbani. Akakifungua kifuniko cha tangi, akamimina petroli mpya, akakirudisha kifuniko. Akabinya pampu: ikajaa, ngumu, nzuri, kama titi la ng'ombe asubuhi. Akavuta kamba. Injini ikawaka kwa mvuto mmoja, banda zima likajaa moshi na ngurumo.

"Si nilisema," Oiva akaiambia, akikohoa kwa furaha. "Maji."

Akafungua milango, akaitoa boti kinyumenyume. Alikuwa hajaufikia hata mwamba wa mdomo wa ghuba injini ilipoanza kudhoofika. Sauti ikapanda kidogo, ikayumba, ikazima. Upepo ukaichukua boti na kuirudisha taratibu gatini, kama mlevi anayerudishwa na jirani.

Oiva akakaa. Hakutukana. Akaitazama pampu ya mpira: imebonyea tena, imejinyonya ndani. Hapo ndipo alipoacha kuharakisha, na mtu akiacha kuharakisha macho yake hurudi kazini. Yakaufuata mpira, kutoka kwenye injini hadi kwenye pampu, kutoka kwenye pampu hadi kwenye tangi, kutoka kwenye tangi hadi kwenye kifuniko, hadi kwenye kile kiskrubu.

Akakigusa. Kimekazwa.

Akakilegeza, na tangi likavuta pumzi. Fyuuu, ndefu, kama mtu aliyezuiwa chini ya maji tangu jana.

Akaikumbuka jana yote: suti, harufu, vidole vikiuma. Ameiziba pua mashine ili mwanamke asiisikie harufu yake. Alikaa pale kidogo, mkono juu ya kifuniko, kama anayemshika mtoto paji la uso. Kisha akaibinya pampu, akavuta kamba, injini ikawaka na ikaendelea kuwaka, bila kinyongo. Aliiacha ikinguruma, boti imefungwa gatini, akapanda mbio nyumbani kunawa mikono.

Ngazi za mlango zilikuwa na utando wa theluji ya maji, na juu ya utando kulikuwa na nyayo. Viatu vidogo. Vilikuja kutoka gatini, vikapanda, vikasimama mbele ya mlango. Pale viliposimama utando wote ulikuwa umekanyagwakanyagwa mpaka ubao ukaonekana. Kisha vikarudi.

Kando ya ufagio, kwenye ngazi ya juu, pakavu, kulikuwa na kifurushi cha kitambaa cha jikoni chenye mistari myekundu. Oiva hakuhitaji kukifungua. Iliki ya mkate wa Hilkka aliisikia kabla hajainama.

Kumbe si Sulo. Ilikuwa injini ya Sulo tu.

*

Alivuka ziwa injini ikipiga kelele zake zote. Mikono hakunawa. Sentensi ilikuwa mdomoni, akaishikilia kwa meno kama mtu anavyoshika sindano wakati wa kushona nyavu.

Gati la bandarini lilikuwa na boti moja, ya Sulo. Oiva akafunga kamba, na alipokuwa akipita akaweka kiganja juu ya kichwa cha injini ile. Vuguvugu. Akaongeza hatua. Mbele ya mkahawa, kwenye tope la theluji, magurudumu makubwa yalikuwa yamechora duara na kuelekea juu ya kilima.

Mlangoni mwa mkahawa ulikuwa umeegemezwa ufagio.

Oiva akausoma. Mtu yeyote wa ziwani angeusoma na kuondoka. Lakini leo asubuhi ufagio wake yeye ulikuwa umesema uongo, umesimama pale na uso mkavu, ukamwambia Hilkka kwamba mwenye nyumba hayupo, naye mwenye nyumba alikuwa amejibanza nyuma ya kuni zake. Huenda na huu unadanganya. Akauinua mkono mweusi, akabisha. Mbao zikaitika kwa sauti ya chumba kitupu.

"We bwana, kusoma hujui?"

Sulo alikuwa mlangoni mwa banda la nyavu, kiko mdomoni. Alipomwona Oiva usoni, akakitoa kiko.

"Alikuja kuazima boti yangu," Sulo akasema. "Nikamwambia, mama, huyo Oiva yuko kwake anapigana na mashine, nenda ukamwokoe. Akaenda. Akarudi amelowa chapachapa."

"Akasema nini?"

"Gati tupu, ufagio mlangoni. Nikamwambia basi mmepishana, ngoja. Akangoja. Alisimama hapo ulipo mpaka dereva akapiga honi, akapiga tena." Sulo akakitazama kiko chake kana kwamba maneno yaliyobaki yamo ndani. "Akasema, 'Kumbe Oiva ana mahali pengine pa kwenda.'"

Oiva akatazama ziwani. Ukisimama pale, siku zisizo na ukungu, unaiona Lepikko yote: misonobari, banda, paa moja.

"Nilikuwepo," akasema.

"Ulikuwepo wapi?"

"Nyuma ya kibanda cha kuni. Nilidhani ni wewe."

Hapa kulikuwa na mzaha mkubwa kuliko yote ambayo Sulo alipata kupewa maishani, umeivishwa na kuwekwa mezani. Akautazama. Akauacha.

"Basi jingine ni Jumatano," alisema.

"Jumatano ziwa litakuwa limefunga kwa barafu."

"Kaa kwangu."

"Nimeacha jiko linawaka," Oiva akasema, na huo nao ulikuwa uongo.

*

Ziwa lilifunga kabla ya Jumatano. Kuna majuma huku ambayo barafu ni nene mno kwa boti na nyembamba mno kwa mguu, na aliye kisiwani anabaki kisiwani na mawazo aliyoingia nayo. Oiva aliukata mkate wa iliki vipande vyembamba. Ulipokauka aliuchovya kwenye kahawa. Kitambaa cha mistari alikifua, akakitundika juu ya jiko.

Barafu ilipoanza kubeba mtu, alivaa skii, zile mbao za kutelezea, akaenda dukani kwenye simu. Aliyepokea kule Kuopio alikuwa dada mtu.

"Hilkka yuko kazini sokoni. Wanampenda sana huko. Nani anaongea?"

"Mtu wa ziwani."

"Nimwambie nini?"

Muuza duka alikuwa anapanga makopo ya maziwa, taratibu mno kwa mtu anayepanga makopo. Oiva alikuwa nayo sentensi. *Usiende* ilikuwa imeshapitwa na wakati. *Urudi*, ikiwa peke yake, ikamwonea haya muuza duka.

"Mwambie mkate ulikuwa mzuri," akasema, akairudisha simu ukutani.

Mwezi wa tano barafu ilivunjika. Asubuhi ya kwanza ya maji wazi Oiva alikuwa nyuma, anapasua kuni, alipoisikia: silinda mbili, kikohozi kimoja, inakuja moja kwa moja Lepikko. Akaliacha shoka gogoni, akakimbia. Mtu wa umri ule, na magoti yale, akateremka hadi gatini mbio, akasimama kwenye ncha kabisa ya ubao.

Kofia ya manyoya ilikuwa peke yake ndani ya boti.

"Mbona mbio hizo, bwana?" Sulo akasema akirusha kamba. "Ulidhani ni Hilkka?"

"Ndiyo," Oiva akasema.

Sulo akafunga kamba kwa muda mrefu kuliko fundo lilivyohitaji. Walipanda pamoja, wakakaa kwenye ngazi juani. Sulo akatoa habari alizokuja nazo: mkahawa umeuzwa, kwa mume na mke kutoka mjini, watu wazuri, kahawa yao inafaa kuoshea boti. Oiva akasikiliza akitikisa kichwa. Ndani, kupitia mlango ulioachwa wazi, kitambaa cha mistari kilionekana juu ya jiko.

Baadaye Sulo akageuka, akatazama kushoto na kulia kwa mlango.

"Ufagio wako uko wapi?"

"Nyuma ya jiko."

"Ndiyo maana. Majuma yaliyopita, barafu ikiwa bado inabeba, nilipita, nikaona mlango mtupu, nikaingia. Nimekungoja kama mjinga mpaka nimemaliza samaki wako wa chumvi. Kumbe hupo."

"Nilikuwa msituni. Samaki nilidhani wameliwa na panya."

"Panya gani! Sasa we Oiva, bila ufagio mtu atajuaje kama upo au hupo?"

"Apige hodi."

Sulo akacheka, akangoja Oiva naye acheke. Oiva alikuwa anaangalia maji.

"Na kimya kikijibu?"

"Apige tena," Oiva akasema.